Kitanga cha Kulia

Shule ilipojenga maabara mpya, walimpigia simu mwalimu mstaafu wa kemia aje achague kitu kimoja cha kumbukumbu kabla ile ya zamani haijabomolewa. Hakuwaza mara mbili. Alisema atachukua mizani.

Mkuu wa shule wa sasa, mtu wa haraka aliyezungumza huku macho yake yako kwenye simu, alimsukumia na boksi lililokuwa chini ya meza. "Chukua na hizi takataka, Mwalimu. Utatupunguzia mzigo."

Takataka zenyewe zilikuwa vikombe kumi na viwili vya kauri, vyembamba kama mitumbwi, kila kimoja na namba yake tumboni, pamoja na daftari nene la jalada la kitambaa. Mwalimu alilitambua daftari kwa harufu kabla ya kulifungua: nta ya meza, gesi, na ule ukali wa asidi usiotoka kwenye karatasi hata ipite miaka. Alisimama kidogo mlangoni. Meza ndefu za mbao zilikuwa bado na duara nyeusi pale wanafunzi walipotua vyombo vya moto kinyume cha maagizo. Duara tano au sita kati ya hizo aliwajua wenyewe waliozichoma, na adhabu alizowapa.

Alifundisha katika chumba kile miaka thelathini na moja. Wanafunzi walimwita Nukta, kwa sababu aliyesahau nukta ya desimali alipoteza maksi zote za swali hata kama kazi yake nyingine ilikuwa safi. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Nukta ni kitu kidogo, lakini iondoe uone kama dawa haijageuka sumu.

Na kila mwaka, kwa darasa la mwisho, alikuwa na jaribio moja asiloliruka hata mitihani ikiwa mlangoni. Kundi la kwanza lilichoma unga wa kijani, kundi la pili likachoma fuwele za buluu, la tatu likapewa unga uliotoka dukani ndani ya kopo. Wote waliishia na kitu kimoja: unga mweusi, oksidi ya shaba. Kila mwanafunzi alipima kikombe chake kitupu, akakipima tena kikiwa na unga, kisha kikombe kikaingizwa ndani ya bomba la kioo, moto chini yake, gesi ya haidrojeni ikipita juu ya unga. Hapo ndipo hata wale wasinziaji wa viti vya nyuma walipoinuka. Weusi ulianza kuwaka wenyewe, wekundu ukatambaa kutoka mwisho mmoja wa kikombe hadi mwingine, na matone ya maji yakajitokeza kwenye mdomo wa bomba mahali ambapo hakuna aliyeweka maji. Kikombe kilipoa usiku kucha. Kesho yake kilipimwa mara ya tatu. Kilichobaki ni shaba. Kilichoondoka ni oksijeni. Gawanya.

Nne kwa moja. Kasoro kidogo, lakini kwa mizani ya shule ilikuwa nne kwa moja, kutoka kwa wa kijani, wa buluu na wa dukani. Mwalimu alipenda kungoja majibu yaandikwe yote ubaoni, yakishuka kama askari kwenye mstari, kisha aseme maneno yaleyale ya kila mwaka: "Mnaona? Shaba haibembelezeki. Huwezi kuiambia leo chukua oksijeni zaidi kidogo, kesho utapunguza. Mchanganyiko wa uji mnaweza kujadiliana nao. Kampaundi ina uwiano wake, na uwiano huo haujui wewe ni mtoto wa nani."

Majibu yote aliyaandika kwenye lile daftari.

Nyumbani aliiweka mizani juu ya meza ya sebuleni, karibu na dirisha. Alizungusha skrubu zake mpaka sindano ikasimama juu ya sifuri, vitanga viwili vikining'inia vitupu bila kutikisika. Mke wake, fundi cherehani aliyestaafu lakini bado anatembea na futi shingoni, alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza.

"Haya," akasema. "Miaka yote nasikia habari za huyu mke mwenza. Leo tumeonana uso kwa uso."

"Ni mkimya kuliko wewe."

"Ndiyo maana mlidumu. Hebu pima kitu nione."

Alipima ufunguo wa kabati. Ufunguo kwenye kitanga cha kushoto, kibano katika mkono wa kulia, vijiwe vya kupimia kimoja kimoja kwenye kitanga cha kulia, kutoka kikubwa hadi kile cha sentigramu moja ambacho pumzi ya mtu ingeweza kukipeperusha. Gramu ishirini nukta sifuri mbili. Akaandika kwenye karatasi.

"Sasa mimi," mke wake akasema, na bila kujisumbua kuinuka akapima kutoka pale pale alipoketi. Alikuwa na vidole vilivyookota pini miaka arobaini, kibano hakikumshinda. Alifuata kila alichoona: kitu kushotoni kwake, vijiwe kuliani kwake. "Kumi na tisa nukta tisa nane."

"Umehesabu vibaya."

"Nimehesabu vibaya mimi?" Aliiondoa futi shingoni kana kwamba anataka kumchapa nayo. "Nimekata nguo za watu maisha yangu yote, sijamfupishia mtu suruali hata nusu inchi. Njoo uhesabu mwenyewe."

Mwalimu alizunguka meza akahesabu. Kumi na tisa nukta tisa nane. Sindano ilikuwa katikati, haina wasiwasi wowote.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatambua kitu ambacho mtoto yeyote angekitambua: wawili hao waliketi wakikabiliana. Kushoto kwa mke wake ni kulia kwake. Ufunguo ulikuwa kwenye kitanga kingine.

Alipima tena. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mara nne. Kushoto 20.02. Kulia 19.98. Mkono mmoja wa mizani ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa sehemu moja katika elfu. Vitanga vikiwa vitupu huwezi kuona, kwa sababu skrubu husawazisha. Ukiweka kitu, kitanga cha kushoto hukiongezea uzito na cha kulia hukipunguzia.

"Kwa hiyo miaka thelathini na moja mlikuwa mnapima uongo," mke wake akasema.

"Uongo uleule kila mara. Ukigawanya, wa juu na wa chini hufutana. Gramu zilikuwa za uongo, uwiano ulikuwa wa kweli."

"Basi hakuna aliyeumia."

"Hakuna," akasema, "mradi kila mtu atumie kitanga kilekile." Mke wake alimwona akivuta lile daftari kutoka kwenye boksi na kufungua kurasa kwa haraka ambayo hakuwa nayo tangu alipostaafu.

Hakuhitaji kutafuta sana. Katika daftari zima kulikuwa na mstari mmoja tu wa wino mwekundu. Kikombe namba saba. 18.02. 20.02. 19.58. Uwiano: 3.55. Mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Amemwaga shaba. Amekana.*

Msichana huyo darasa zima lilimwita Shoto. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kiwiko kimepanda juu ya daftari kama mtu anayelinda sahani yake. Ndiye aliyefika wa kwanza maabara na kuondoka wa mwisho. Vikombe aliviosha bila kutumwa. Siku ya kwanza ya jaribio Mwalimu alisimama nyuma yake. Alipoona kibano kiko mkono wa kushoto na kikombe kinaelekea kitanga cha kulia, alikichukua kibano akamhamishia mkono wa kulia, na kikombe akakielekeza kitanga cha kushoto.

"Hapa kuna mkono mmoja tu," alimwambia. "Kila mtu akija na wake, tutagongana."

Shoto alipima kikombe kitupu, kisha kikombe na unga, kwa mkono wa kulia, polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Siku ya pili Mwalimu aliitwa kwenye kikao. Hakuna aliyesimama nyuma ya mtu. Na Mwalimu, sasa, akiwa ameketi sebuleni kwake, aliweza kuona kwa uhakika wa kitu kilichopimwa kile ambacho hakukiona wakati ule: binti ameachwa peke yake, amefurahi, amekamata kibano kwa mkono wake mwenyewe na kuweka kikombe upande uliomjia.

Vipimo viwili kitanga cha kushoto. Kimoja kitanga cha kulia. Tofauti ya sentigramu nne, na ilitosha kuharibu kila kitu.

Wakati ule aliona tu kwamba shaba imepungua. Maabara yake ilikuwa na sheria ya haki, au aliyoiona kuwa ya haki: anayemwaga aseme, atapewa unga mwingine, hakuna adhabu. Anayemwaga akaficha, anatoka. Alimuuliza Shoto mara tatu mbele ya darasa. Mara tatu Shoto akajibu, "Sijamwaga, Mwalimu." Naye akapanga hoja yake kama hesabu: shaba haidanganyi, mizani haidanganyi, basi aliyebaki ni nani? Alisema pia, "Njia ya mwongo ni fupi," na darasa likacheka kwa sababu lilidhani ndivyo anavyotaka. Wiki hiyo hiyo Shoto alihamishiwa mkondo usio na kemia. Ilikuwa miaka ishirini na tisa iliyopita.

Kupima kitu kwenye vitanga vyote viwili ili kujua kama mizani ni sawa ni jambo alilolifundisha mwenyewe, ukurasa wa pili wa kitabu. Hakuwahi kulifanya. Majibu yalikuwa yakija vizuri kila mwaka, na mtu hamuulizi maswali anayemletea habari njema.

"Mama," akasema, "unamkumbuka yule msichana tuliyemwita Shoto?"

"Yule mwenye karakana ya kupaka rangi magari? Nilimshonea maovaroli sita kabla sijaacha kazi. Kipimo chake nakijua hadi leo." Alimtazama mumewe usoni. "Una nini?"

Alimweleza. Mke wake hakusema pole. Alikunja futi yake, akaiweka mezani. "Kosa moja haliachi mke," akasema. "Lakini aliyekosewa huambiwa. Nenda kesho asubuhi, kabla hujaanza kutafuta sababu za kutokwenda."

Karakana ilinukia rangi na tina ya kuyeyushia rangi tangu barabarani. Kijana mwenye barakoa shingoni, amekaa juu ya tairi, alimwona Mwalimu akishuka kwenye teksi na kasha la kioo lenye mizani ndani, akapaza sauti kuelekea ndani: "Bosi! Kuna mzee kaleta televisheni ya zamani!"

"Mwambie hatutengenezi televisheni!" sauti ya mwanamke ikajibu, na mwenyewe akatokea akifuta mikono. Alikuwa amenenepa, nywele za mbele zimeanza mvi, na kalamu ilikuwa kwenye sikio la kushoto. Alisimama. "Haiwezekani," akasema. "Nukta!" Akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jina langu nalijua."

Alimwingiza kwenye chumba cha kuchanganyia rangi, chumba chenye rafu za makopo na mizani ya umeme mezani, kopo la rangi likiwa bado juu yake. Kwenye ukuta alikuwa amebandika orodha ya vipimo: rangi hii sehemu mbili kwa moja, ile nne kwa moja. Mwalimu aliitazama ile nne kwa moja. Haikuwa na uhusiano wowote na shaba, alijiambia, lakini aliitazama.

Alianza kueleza. Alianzia kwenye ufunguo wa kabati, akaenda kwenye urefu wa mikono ya mizani, sehemu moja katika elfu, kitanga cha kushoto, kitanga cha kulia. Mwanamke alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayezunguka bei.

"Mwalimu, ngoja," hatimaye akasema. "Kwa kifupi. Umekuja kuniambia nini?"

"Hukumwaga."

Nje, kompresa ilikuwa ikinguruma. Mwanamke alitoka, akaizima, akarudi.

"Rudia."

"Hukumwaga shaba. Kosa lilikuwa la mizani, na la mkono, na mkono nilikubadilishia mimi. Ningekuacha na wako siku zote mbili, ungepata jibu kama wenzako."

Mwanamke aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mwalimu, aliyezoea kungoja sindano itulie, alingoja.

"Unajua kitu kibaya ni nini?" akasema. "Si kufukuzwa. Nilikasirika mwaka, miaka miwili, nikapata kazi, nikasahau. Kibaya ni kwamba baadaye nilianza kukumbuka nikimwaga. Nauona kabisa ule unga mwekundu ukingoni mwa meza, na mimi naufuta kwa kiwiko cha sare. Wanangu wote wawili wamekua na hadithi hiyo. Wakidanganya kitu, nawaambia: semeni kweli mapema, mimi mama yenu nilimwaga shaba nikakana, ona nilipoishia." Alicheka bila furaha. "Kumbe nilikuwa nawadanganya."

Kwa hilo hapakuwa na kipimo. Mwalimu alifungua kasha, akatoa mizani, akaisawazisha juu ya meza iliyojaa madoa ya rangi. Kisha akatoa lile daftari na kikombe namba saba.

"Bado mnacho?" mwanamke akauliza, na sauti yake ilibadilika. Alikipokea, akakigeuza. "Nilikiosha mimi hiki. Kina ufa mdogo hapa, ona, kama unywele. Nilikuwa nakichagua kwa sababu ya huo ufa, ili nisichanganye na cha mtu." Alikinusa. "Na ile harufu ya mtungi wa gesi! Siku ile bomba la kundi la dirishani lilipolipuka, ukaruka mpaka kwenye sinki..."

"Sikuruka. Nilisogea."

"Uliruka, Mwalimu. Soksi moja ilikuwa ndani ya sinki."

Alikiri kwamba soksi ililowa. Walitaja mengine: dirisha lisilofunga, foleni ya mizani siku za mvua, yule mtoro aliyekuwa haji shuleni ila siku ya unga kugeuka mwekundu. Kila mmoja alikumbuka vitu ambavyo mwenzake hakuvikumbuka, na vichache ambavyo wote waliviona sawa.

"Pima," Mwalimu akasema. "Kwa mkono wako."

Alikamata kibano kwa mkono wa kushoto. Kikombe kitupu kikaingia kitanga cha kulia, vijiwe kushoto. Mkono haukutetemeka. Kazi yake ilikuwa ya mkono kutotetemeka. Sindano ilikwenda huku, ikaenda kule, ikafupisha safari zake, ikasimama.

"Kumi na saba nukta tisa nane," akasema.

"Ulipopima mara ya tatu siku ile, ulipata ngapi?"

"Kumi na tisa nukta tano nane." Hakutazama daftari. Namba aliijua kwa kichwa.

"Toa."

Alichomoa kalamu sikioni akaandika juu ya kifuniko cha kopo. "Moja nukta sita sifuri. Shaba."

"Unga ulikuwa gramu mbili kamili. Hilo lilikuwa sahihi, vipimo vyote viwili vilikuwa kwenye kitanga kimoja. Oksijeni?"

"Sifuri nukta nne." Kalamu ilisimama. Aliandika jibu, akalichorea mstari chini, kisha mstari wa pili, kama walivyofundishwa. "Nne kwa moja."

Kijana wa barakoa alichungulia mlangoni. "Bosi, gari la yule bwana vipi?"

"Angoje. Nafanya jaribio."

"Jaribio la nini?"

"La mwaka ule hujazaliwa. Toka." Alimgeukia Mwalimu. "Nipe maksi zangu."

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu. "Tisa kati ya kumi."

"Tisa!"

"Jibu la kweli ni tatu nukta tisa saba."

"Mwalimu! Hata leo?" Alicheka mpaka akashika meza, na sindano ikaanza kucheza upya.

Mwalimu alifungua daftari kwenye ule mstari mwekundu, akatoa rula mfukoni. Mwanamke aliweka kidole juu ya ukurasa. "Usifute."

"Daftari la maabara halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, ili lililokuwepo lisomeke." Alipiga mstari juu ya *Amemwaga shaba. Amekana*, akaandika chini yake kwa wino huohuo mwekundu: *Hakumwaga. Vipimo viwili kushoto, kimoja kulia. Mizani haikukaguliwa. Kosa la mwalimu. Uwiano wake: 4.00.* Akasaini, akatia tarehe ya leo. Alipomaliza alimsogezea daftari, naye akasoma polepole mpaka kwenye nukta ya mwisho.

"Ulisema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Nilijiuliza wakati ule mbona yangu haiishi."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Mwanamke alitoa simu kwenye mfuko wa ovaroli, akabonyeza, akasimama kumpa mgongo, akitazama rafu za makopo.

"Mwanangu, uko kazini? Dakika moja tu. Ile hadithi yangu ya shaba... ndiyo, ile ile. Mpigie na mdogo wako, umwambie haikuwa hivyo." Akasikiliza. "Hapana, baba. Sikumwaga. Nimepima."

Nyuma yake Mwalimu aliondoa kijiwe kimoja kimoja kwa kibano, akavirudisha kwenye vitundu vyao. Kisha akaizungusha skrubu kidogo, akangoja sindano irudi kwenye sifuri.